Gari dogo la cc 1300 limeanza kula mafuta kuliko zamani: nianzie wapi kabla ya kubadilisha vifaa vingine?

Msafiri_wa_Asubuhi aliuliza:

Wakuu, salaam. Nina gari dogo la milango mitano lenye injini ya petroli ya cc 1300 na gia otomatiki ya hatua nne, ambalo nimelitumia kwa miaka minne bila usumbufu mkubwa. Safari yangu ya kila siku ni kilomita 18 za kwenda kazini na 18 za kurudi, nusu yake ikiwa barabara iliyofunguka na nusu nyingine foleni. Kwa muda mrefu gari hili lilikuwa likinipa kilomita 15 hivi kwa lita moja, lakini tangu miezi mitatu iliyopita naona mshale wa mafuta unateremka upesi, na kwa hesabu zangu sasa napata kilomita 11.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi na chujio la hewa. Wa pili alisafisha nozeli na kunishauri nimimine kwenye tangi dawa ya kupunguza ulaji wa mafuta, nami nikaimimina. Sikuona tofauti yoyote. Sasa naambiwa kwamba tatizo ni pampu ya mafuta, na kabla sijafungua tena pochi ningependa kusikia kutoka kwa waliokwisha kupita njia hii. Taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki, gari halitoi moshi mweusi, na nguvu zake naona ni zilezile, ingawa linaonekana zito kidogo linapoanza kuondoka.

Nina swali la pili pia. Rafiki yangu ananiambia niwe natoa gia na kuweka N kila ninapoteremka mlima, kwa kuwa injini ikiwa huru haili mafuta. Je, ni kweli?

---

Daftari_la_Mafuta alijibu:

Ndugu, pole kwa usumbufu. Kabla ya kuzungumzia pampu, nieleze ile kilomita 11 umeipataje. Nauliza hivyo kwa sababu watu wengi huhesabu kwa kuangalia mshale, na mshale wa gari dogo ni shahidi asiyeaminika: boya lililo ndani ya tangi hupanda na kushuka kufuatana na mwinuko wa barabara, na robo ya mwisho karibu kila mara huisha upesi kuliko robo ya kwanza.

Njia ninayoitumia mimi ni ya kizamani, lakini haijawahi kunidanganya. Jaza tangi hadi pampu ya kituoni ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone baada ya hapo, kisha rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako hadi utumie zaidi ya nusu ya tangi. Rudi katika pampu ileile, gari likiwa limeegeshwa upande uleule, ujaze tena hadi ikate yenyewe. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Kama ulitembea kilomita 312 na zikaingia lita 26, basi ulaji wako ni kilomita 12 kwa lita. Rudia kwa tangi tatu mfululizo kabla ya kuamini jibu, kwa maana tangi moja linaweza kuharibiwa na wiki moja ya foleni mbaya au na abiria wanne uliowabeba siku mbili.

Jambo jingine dogo ambalo husahaulika: je, ulibadilisha matairi katika kipindi hicho? Ukivalisha gari matairi yenye kipenyo kikubwa kuliko yale ya kiwandani, kihesabu husoma kilomita chache kuliko ulizotembea kweli, nawe utadhani gari limeanza kubugia mafuta ilhali kosa liko katika hesabu. Niliwahi kupoteza mwezi mzima nikimlaumu fundi kwa kosa la aina hiyo, na hadi leo nikimwona natazama chini.

Andika pia tarehe, upepo wa matairi na aina ya safari. Daftari la kurasa kumi litakusaidia kuliko chupa kumi za dawa. Kuhusu dawa hizo, pamoja na sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta na vipangaboi vya kuingiza kwenye njia ya hewa, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani limepima au kuchunguza vifaa zaidi ya 100 vya namna hiyo kwa miaka mingi, na halikukuta hata kimoja kilichopunguza ulaji kwa kiasi cha maana.

---

Mguu_Mwepesi alijibu:

Nakubaliana na Daftari, nami niongeze upande wa uendeshaji, kwa kuwa hapo ndipo penye akiba kubwa na hapahitaji spana.

Watu hudhani mafuta huisha gari linapokwenda. Katika mji, mafuta mengi huishia kwenye breki. Nitaonyesha kwa hesabu ndogo. Gari lako pamoja na wewe ndani yake lina uzito wa kilo 1,000 hivi. Likifikia mwendo wa kilomita 60 kwa saa, limebeba nishati ya mwendo ya kilojuli 139. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi, lakini injini ya gari dogo hufikisha kwenye magurudumu kama robo yake tu katika hali nzuri, na nyingine hutoka kama joto kupitia rejeta na ekzosi. Kwa hiyo, ili kulifikisha gari kwenye 60 umetumia takriban mililita 17 za petroli, ambazo ni kijiko kimoja kikubwa cha mezani na tone juu yake. Ukifika kwenye taa nyekundu ukakanyaga breki hadi kusimama, kile kijiko kizima umekigeuza kuwa joto la diski. Ukifanya hivyo mara 30 kwa siku, umemwaga nusu lita barabarani, na safari yako ya kwenda na kurudi, kilomita 36, kwa ulaji wako wa zamani haikuwa ikizidi lita mbili na nusu.

Zingatia kwamba nishati hiyo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Anayefika 30 kisha akasimama hupoteza robo tu ya kijiko kile. Ndiyo maana katika foleni dereva anayetambaa kwa mwendo mmoja, akiacha nafasi ya magari mawili mbele yake, humshinda kwa mbali yule anayeruka hadi 50 ili akafunge breki nyuma ya bampa la mwenzake. Wote wawili hufika pamoja. Mwenye kuacha nafasi atachomekewa na magari mengine, hilo halikwepeki, na ni lazima alivumilie.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni la macho. Tazama taa, kipilefti au mkia wa foleni ungali mbali, uondoe mguu kwenye mafuta mapema, na gari lipungue lenyewe. Kila unapojikuta umekanyaga breki kwa nguvu, jiulize ni sekunde ngapi kabla ya hapo ungeweza kuondoa mguu. Mimi nilijipa wiki moja ya kuhesabu idadi ya breki nzito kwa safari, nikaanza na 23 na kumaliza na 9, bila kuchelewa kazini hata siku moja.

Katika nusu ya safari yako iliyofunguka, adui ni upepo. Nguvu ya hewa inayolisukuma gari nyuma huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo kutoka 80 hadi 110 ukinzani wa hewa unakaribia kuwa maradufu. Kwa umbali wa kilomita 9, tofauti ya muda kati ya 80 na 110 haifiki dakika mbili. Na kama juu ya paa umefunga keria ambayo huitumii, ifungue uiweke stoo, kwa sababu unaisukuma hewani kila siku bure.

Kuhusu N kwenye mteremko: hapana, kwa gari lako si kweli. Gari la sindano za kielektroniki likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeondoka kwenye mafuta, kompyuta hufunga nozeli kabisa, na injini huzungushwa na magurudumu bila kupewa mafuta, mradi mizunguko yake iwe juu ya ile ya sailensa, yaani injini inapounguruma bila kukanyagiwa mafuta. Ukiweka N, magurudumu hayaizungushi tena injini, kwa hiyo ni lazima inyweshwe mafuta ili isizime.

---

Mzee_wa_Mlima alijibu:

Wanangu, mimi nimeendesha kwa zaidi ya miaka 30, na mlima wowote wenye mteremko mrefu nilikuwa naushuka kwa frii, gia ikiwa imetolewa. Mafuta nilikuwa naokoa, nayajua kwa mfuko wangu. Msimwambie kijana kwamba jambo hilo ni uongo.

---

Mguu_Mwepesi alijibu:

Shikamoo mzee. Sikusema kwamba ulikosea wakati ule. Gari la kabureta halina kompyuta ya kufunga nozeli, na injini yake ikizungushwa na mlima iliendelea kuvuta petroli kupitia kabureta, kwa hiyo kuiacha iungurume polepole kwa frii kuliweza kuwa na nafuu. Kilichobadilika ni gari, si mlima.

Nakiri pia kwamba upo mteremko mdogo sana ambapo gari likiwa kwenye gia hupungua mwendo hadi linahitaji kukanyagiwa mafuta tena, na hapo frii ingelifikisha mbali zaidi. Hata hivyo, tofauti hiyo ni ndogo, na sioni sababu ya kumshauri mtu aizoee, kwani siku akiizoea kwenye mteremko mrefu atakuwa hana injini ya kumsaidia kulizuia gari, na breki zikishika joto hupungua nguvu.

---

Mzee_wa_Mlima alijibu:

Marahaba. Hilo la breki kushika joto nalijua kuliko wewe. Basi sawa, nimekuelewa.

---

Spana_Kumi_na_Mbili alijibu:

Mimi ni fundi, na nimesoma swali zaidi ya mara moja kwa sababu ya sentensi moja: gari "linaonekana zito kidogo linapoanza kuondoka". Pampu ya mafuta iliyochoka hukosesha injini mafuta. Gari hukosa nguvu mlimani au hukatakata kwenye mwendo mkubwa, na wewe umesema nguvu ni zilezile. Kwa maelezo hayo nisingeigusa pampu kwa sasa. Uzito wa kuondoka hunifanya nitazame chini, kwenye magurudumu.

Anza na upepo wa matairi. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, si ubavuni mwa tairi, kwa kuwa namba ya ubavuni ni ukomo wa tairi lenyewe na haihusiani na gari lako. Pima asubuhi kabla ya kutembea, kwa sababu tairi lililokwisha kushika joto huongeza PSI 3 au 4 na kukudanganya kwamba mambo ni shwari. Idara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba kila PSI 1 inayopungua kwenye matairi yote manne hupunguza umbali kwa asilimia 0.2 hivi, kwa hiyo upepo peke yake haukukuondoa kwenye 15 ukakufikisha 11. Lakini upepo ni bure, na tairi lenye upepo mdogo huliwa pembeni.

Pili, na hapa ndipo ninapoweka dau langu, tafuta breki inayoshika. Endesha kilomita kama tano kwenye barabara tulivu ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama taratibu, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Magurudumu ya mbele kwa kawaida huwa na joto zaidi kuliko ya nyuma, kwa hiyo linganisha kushoto na kulia. Rimu moja ikikupiga joto usoni mwa kiganja kama mlango wa jiko na mwenzake ni vuguvugu, umepata mwizi wako. Huenda ni pini za kalipa zilizokauka grisi, bastola ya kalipa iliyoshika kutu, au kebo ya breki ya mkono isiyorudi. Unaweza kuthibitisha kwa kuweka gari kwenye sakafu iliyonyooka, gia ikiwa N na breki ya mkono imeachiwa, kisha kulisukuma: gari dogo lenye afya huondoka kwa mtu mmoja bila ugomvi. Wakati wa kusukuma, mtu mwingine awe kwenye usukani.

Tatu, tazama mshale wa joto la injini. Baada ya dakika kumi hivi za mwendo unapaswa kutulia karibu na katikati. Ukiona haufiki hapo, au unashuka unapokimbia na kupanda unaposimama, thamostati, ile vali ya maji ya kupoza injini, imekwama ikiwa wazi. Kompyuta hudhani injini bado ni ya baridi na huendelea kuiongezea mafuta siku nzima. Hitilafu hii haiwashi taa ya injini katika magari yote, na madereva wengi huifurahia wakidhani gari lao linapoa vizuri.

Nne, sensa ya oksijeni, ile ya kwenye ekzosi inayoisaidia kompyuta kupanga kiasi cha mafuta. Ikifa kabisa, huweza kuharibu ulaji vibaya sana, hadi asilimia 40 kwa makadirio ya idara hiyohiyo. Lakini inaweza pia kuchoka taratibu bila kuwasha taa, kwa hiyo unapopimisha gari kwa kompyuta usiridhike na kauli ya kwamba hakuna kosa lililosajiliwa. Mwombe fundi akuonyeshe sensa ikifanya kazi injini ikiwa ya moto: ile ya mbele, katika magari mengi ya umri wa gari lako, volti zake hupanda na kushuka bila kutulia kati ya 0.1 na 0.9. Ikiwa imeganda mahali pamoja, hiyo ina maneno.

Chujio la hewa nalo lina hadithi yake. Wenzetu wa maabara ya Oak Ridge nchini Marekani walilipima jambo hili mwaka 2009, wakakuta kwamba katika magari ya sindano za kielektroniki chujio chafu hupunguza wepesi wa kuchanganya mwendo lakini karibu halibadilishi ulaji wa mafuta, kwa kuwa kompyuta hupima hewa iliyoingia na kutoa mafuta yanayolingana nayo. Libadilishe kwa ajili ya afya ya injini. Usitarajie likurudishie kilomita nne.

La mwisho ni la gia. Magari mengi ya otomatiki ya hatua nne yana kitufe kidogo ubavuni mwa rungu la gia. Kikibonyezwa, dashibodi huwasha maandishi ya O/D OFF na gari halipandi tena hatua ya nne, hivyo barabara iliyofunguka huikimbia kwa gia ya tatu, injini ikipiga kelele. Nimewahi kuletewa gari la mtu aliyekuwa amebadilisha nusu ya injini, nami nikalitibu kwa kidole gumba. Nilishindwa hata kumtoza.

---

Dada_wa_Usukani alijibu:

Ndugu Spana amegusa karibu yote. Naongeza la oili, kwa kuwa ndilo lililonipata mimi. Kitabu cha gari langu kinataka 5W-30, lakini kwa muda nilikuwa nikiwekewa 20W-50 kwa hoja kwamba nzito ndiyo inayolinda. Nilipoirudisha ile ya kitabu, gari lilikuwa jepesi kuwaka asubuhi na ulaji ulipungua kidogo. Kwa kawaida faida ya oili sahihi ni asilimia 1 au 2, na sikupata zaidi ya hapo.

Kuhusu kiyoyozi, injini ya cc 1300 huihisi kompresa kuliko injini kubwa. Mimi hufungua vioo dakika mbili za kwanza ili hewa ya moto itoke, na katika foleni ya polepole huviacha wazi kama hali inaruhusu. Nikiingia barabara ya mwendo mkubwa navifunga na kuwasha kiyoyozi, maana vioo vilivyo wazi hapo huvuta gari nyuma.

Na usiliache gari liungurume dakika kumi asubuhi kwa nia ya kulipasha joto. Injini ndogo iliyosimama hutumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa bila kusogea hata hatua. Ondoka baada ya nusu dakika na uendeshe kwa upole hadi mshale wa joto upande.

---

Msafiri_wa_Asubuhi alijibu:

Wakuu, samahani kwa ukimya wa wiki tano. Nilitaka nirudi na namba.

Nilifuata utaratibu wa Daftari bila kugusa kitu, na tangi la kwanza likatoa kilomita 11.4 kwa lita, kwa hiyo tatizo halikuwa la mshale. Kitufe cha O/D kilikuwa sawa, na mshale wa joto unakaa katikati. Matairi niliyapima alfajiri: karatasi ya mlangoni inadai 33, mimi nilikuwa na 25 mbele na 24 nyuma. Nikaona aibu peke yangu.

Kisha nikafanya lile zoezi la kiganja. Rimu ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliondoa mkono kabla sijaufikisha, ilhali ya kulia ilikuwa karibu baridi. Fundi alipofungua ngoma alikuta kebo ya breki ya mkono imeshika kutu ndani ya ganda lake na hairudi hadi mwisho, na bitana za upande huo zimelika hadi karibu na chuma. Nikakumbuka kwamba miezi mitatu iliyopita niliegesha gari wiki mbili nzima likiwa na breki ya mkono, katika kipindi cha mvua. Kebo na bitana mpya zilinigharimu pungufu ya bei niliyotajiwa ya pampu.

Tangi la pili, baada ya kebo na upepo: 14.1. Tangi la tatu, nikiwa pia nahesabu breki nzito kama Mguu_Mwepesi: 15.6. Mlima ninaushuka kwenye gia.

---

Spana_Kumi_na_Mbili alijibu:

Vizuri. Ngoma ya kulia nayo uliifungua? Kebo ya upande huo ina umri uleule na ilinyeshewa mvua ileile.

---

Msafiri_wa_Asubuhi alijibu:

Sikuifungua. Naipeleka Jumamosi.